Nani Ampekue Karani wa Mahakama?

Wiki mbili zilizopita, baada ya kipindi cha jioni, mwanafunzi wangu wa zamani alinifuata hadi kwenye ngazi za ukumbi. Aliomba kazi ya ukarani mahakamani, akafaulu mtihani wa maandishi, akafaulu usaili wa ana kwa ana, kisha akaambiwa asubiri upekuzi. Amesubiri kwa zaidi ya mwaka. Hakuna aliyemwambia kwamba amekataliwa, wala aliyemwambia kwamba amekubaliwa. Wenzake waliosailiwa siku ile ile wamekwisha kuripoti kazini. "Mwalimu," aliniuliza, "mtu anajuaje alipokosea ikiwa hajaambiwa kosa lake?"

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu inayovuta upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, marehemu baba yangu alikuwa na shauri la kiwanja katika mahakama ambayo sitaitaja. Alishinda. Alipokwenda kuomba nakala ya hukumu ili aikaze, karani wa masjala alimwambia kwa adabu zote: "Mzee wangu, jalada halionekani. Njoo Jumatatu." Jumatatu zikafuatana mpaka mwaka ukaisha. Siku moja mhudumu alimvuta pembeni akamnong'oneza kwamba jalada lingeonekana iwapo mtafutaji angenunuliwa miwani. Baba hakununua miwani hiyo. Hakuwa na fedha, na hata angekuwa nazo sidhani kama angezitoa. Hakimu aliyempa haki alikuwa mtu safi, na mpaka leo namtaja kwa heshima. Lakini usafi wake uliishia mlangoni mwa chumba ambacho ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa mtu mwingine.

Naandika makala hii kwa sababu ya watu hawa wawili. Baba yangu aliumizwa na karani ambaye hakuna aliyemchunguza ipasavyo. Mwanafunzi wangu anaumizwa na uchunguzi ambao hauna uso wala sauti. Anayemtazama mmoja peke yake atatoa dawa nyepesi: wa kwanza atadai watu wote wachunguzwe mpaka kwenye mifupa, wa pili atadai uchunguzi ufutwe. Historia yetu ya Afrika Mashariki inatufundisha kwamba dawa zote mbili zimekwisha kujaribiwa, na tunayajua matokeo yake.

Upekuzi ni kazi gani?

Neno lenyewe lina asili ya nyumbani. Kuku hupekua takataka akitafuta punje. Katika utumishi wa umma wa Tanzania, kumpekua mtu ni kuchunguza kama ndiye anayejitaja kuwa ndiye: jina lake, kwao, alikosoma, alikofanya kazi, kesi alizowahi kuwa nazo, madeni yake, na watu anaoshirikiana nao. Uhakiki wa vyeti ni sehemu ndogo tu ya kazi hiyo. Cheti kinaeleza kwamba mtu alifaulu kidato cha nne, lakini hakielezi kwamba shemeji yake ni dalali wa mahakama ile ile anayotaka kuajiriwa.

Jirani yangu mmoja, mzee mstaafu, alisimamia fomu za upekuzi kwa miaka mingi. Hajawahi kunifunulia siri ya mtu, na kwa hilo namheshimu. Lakini amenieleza namna kazi ilivyokuwa. Alisema msimamizi mzuri hasomi kilichoandikwa kwenye fomu, husoma pengo. Mtu akiorodhesha maisha yake yote isipokuwa miaka miwili, kazi ya msimamizi ni kwenda kuitafuta miaka hiyo miwili. Alisema pia kwamba deni si dhambi, ila deni lililofichwa ni mpini, na yeyote anayeujua anaweza kuushika. Kisha akaongeza jambo lililonikaa moyoni: "Sisi tulimpekua mtu alipokuwa akiingia. Hatukumpekua alipokuwa amekaa."

Kwa karani wa mahakama, kasoro hiyo ni kubwa kuliko kwa watumishi wengine wengi. Karani hupokea hati, hupanga tarehe, hutunza vielelezo, huandika wito, na ndiye anayejua jalada liko kabati gani. Hana kalamu ya hukumu, lakini ana uwezo wa kuichelewesha hukumu mpaka isiwe na maana. Katika shauri la jinai, anajua jina la shahidi na mtaa anaokaa kabla wakili wa mshitakiwa hajalijua. Jina hilo likivuja, kinachopotea huenda kikawa uhai wa mtu.

Kitabu cha shauri na mtu wa katikati

Tuanze mbali kidogo. Utawala wa Wajerumani ulipojikita katika pwani yetu miaka ya 1890, haukuwa na watu wa kutosha kutawala nchi kubwa kiasi kile. Ulichukua vyeo vya liwali na akida vilivyokuwa vikijulikana pwani, ukavieneza bara, na ukafungua shule ya serikali Tanga, ambayo miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuandaa makarani wanaojua kusoma na kuandika Kiswahili. Mashauri yalisikilizwa bomani, na yakaandikwa katika kitabu cha shauri. Mkoloni alikuwa na bunduki, lakini hakuwa na lugha za wenyeji wote. Kati yake na mlalamikaji alisimama karani au mkalimani, na alichotafsiri ndicho kilichokuwa ukweli wa siku hiyo.

Mtu huyo alipekuliwaje? Kwa utii. Swali halikuwa kama ni mwaminifu kwa mlalamikaji. Swali lilikuwa kama ni mwaminifu kwa boma. Naomba msomaji aushike uzi huu, kwa sababu umepita katika kila zama zilizofuata.

Waingereza walipokuja, Gavana Donald Cameron alianzisha utawala wa kupitia watemi na machifu kuanzia katikati ya miaka ya 1920. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 iliziondoa mahakama hizo katika usimamizi wa Mahakama Kuu na kuziweka mikononi mwa maofisa tawala. Rufani ilitoka kwa chifu ikaenda kwa mkuu wa wilaya, ikapanda kwa mkuu wa jimbo, hadi kwa gavana. Mawakili hawakuruhusiwa kuingia. Karani wa baraza alilipwa kutoka hazina ya utawala wa wenyeji, yaani mfuko ule ule uliomlipa chifu. Kwa hiyo aliyemwajiri ndiye aliyemsimamia, ndiye aliyehukumu, na ndiye aliyesikiliza malalamiko juu yake. Mwananchi aliyenyang'anywa ng'ombe kwa kosa la maandishi alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, nao ulikuwa wa nyumba alimotoka mwizi.

Mtu chini ya gunia

Kenya ilitufundisha somo chungu zaidi. Huko, tangu baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, hati iliyokuwa na alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake, ikiwa ndani ya kijaluba cha chuma alichoning'iniza shingoni. Hiyo ilikuwa historia ya mtu iliyoandikwa na wengine, na mwenyewe akaibeba bila uwezo wa kuisahihisha.

Kisha ikaja hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Uingereza yaliuzingira mji wa Nairobi katika operesheni waliyoiita Anvil, wakakamata maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru. Katika uchunguzi wa wakati ule watu walipitishwa mbele ya mtoa habari aliyefunikwa gunia kutoka kichwani, likiwa na matundu mawili ya macho. Wakikuyu walimwita gakũnia, mtu wa kigunia. Akitikisa kichwa namna moja, ulikwenda nyumbani. Akitikisa namna nyingine, ulipelekwa kizuizini, huenda kwa miaka. Hukumjua, hukuweza kumuuliza swali, na hukuweza kusema kwamba mna ugomvi wa mpaka wa shamba tangu enzi za babu zenu. Waliopita salama walipewa hati za utii, na hati hizo zikawa ufunguo wa kazi, safari na biashara.

Mtu atasema huo ulikuwa ukoloni na umekwisha. Lakini gunia halikuwa la wakoloni peke yao. Machi 1947 Rais Harry Truman wa Marekani alitoa amri namba 9835 iliyoanzisha uchunguzi wa utii kwa watumishi wa serikali ya shirikisho. Mmoja wa waliofukuzwa ni Dorothy Bailey, mtumishi wa idara ya ajira. Alikana tuhuma za ukomunisti na akaomba kuwajua waliomshitaki. Hakuambiwa, na hata wajumbe wa bodi iliyomhukumu hawakuwajua. Shauri lake lilipofika Mahakama ya Juu mwaka 1951, majaji waligawanyika wanne kwa wanne, na hukumu ya chini iliyomwangusha ikabaki. Ilichukua mpaka mwaka 1959, katika shauri la Greene dhidi ya McElroy, kwa mahakama hiyo kukataa mtu apoteze riziki kwa maneno ya watu asiowaona, pale ambapo hapakuwa na idhini ya wazi ya rais au bunge. Taifa lenye katiba ya kujivunia lilihitaji miaka 12 kulinyanyua gunia kidogo tu.

Barua ya mjumbe

Baada ya uhuru, Tanganyika ilifanya jambo kubwa ambalo halisifiwi vya kutosha. Mwaka 1963 mamlaka ya kisheria ya machifu yalifutwa, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huo ikaziunganisha mahakama za wenyeji na zile za kikoloni katika ngazi moja: mahakama ya mwanzo, mahakama ya wilaya, na Mahakama Kuu. Hakimu akatenganishwa na mtawala. Mwananchi akapata mahakama inayozungumza Kiswahili karibu na kwake.

Lakini watumishi wa masjala walitoka wapi? Wengi walihama na makabati yao. Na upekuzi ukachukua sura ya zama mpya. Katika miaka ya katikati ya 1960 TANU ilianzisha mashina ya nyumba kumi kumi, na barua ya mjumbe ikawa kitambulisho cha tabia ya mtu. Sitaki kuibeza barua hiyo. Mjumbe alimjua mtu kuliko fomu yoyote: alijua anayempiga mkewe, alijua anayelala nje, alijua nyumba inayojengwa kwa fedha zisizojulikana zilikotoka. Udhaifu wake ni kwamba mjumbe alikuwa kiongozi wa chama, na uadilifu na utii vilipimwa kwa kijiko kimoja. Kijana mwenye maswali mengi angeweza kuandikiwa barua mbaya, na mwizi mwenye kadi akaandikiwa barua nzuri. Uzi wetu wa boma ulikuwa bado haujakatika.

Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, mshahara wa karani haukutosha hata wiki mbili, na masjala ikageuka shamba la kujazia. Januari 1996 Rais Benjamin Mkapa aliunda tume ya kuchunguza kero ya rushwa chini ya Jaji Joseph Warioba, na Desemba mwaka huo ikakabidhi taarifa yake. Mahakama zilikuwamo miongoni mwa sehemu zilizoonyeshwa kuoza, na katika yaliyolalamikiwa na wananchi yalikuwamo yale yale yaliyompata baba yangu: majalada kupotea, nakala kucheleweshwa, tarehe kuuzwa. Siku niliposoma taarifa hiyo nilimpelekea baba habari. Alinisikiliza, akasema tu: "Kumbe tulikuwa wengi."

Hatua iliyofuata kwetu ilikuwa Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya mwaka 2011. Ilianzisha cheo cha Mtendaji Mkuu wa Mahakama na Mfuko wa Mahakama, ili majaji na wasajili wabaki na kazi ya sheria, na masuala ya utawala yawe na mwenyewe. Iliweka pia kamati za maadili za maofisa wa mahakama katika mikoa na wilaya. Lakini mwenyekiti wa kamati ya mkoa ni mkuu wa mkoa, na wa wilaya ni mkuu wa wilaya. Ibara ya 107B ya Katiba yetu inazitaka mahakama zote ziwe huru katika kutoa haki. Sasa hakimu atakayesikiliza shauri la ardhi dhidi ya halmashauri anajua kwamba malalamiko juu ya mwenendo wake yataanzia mezani kwa mkuu wa wilaya. Tangu mwaka 1929 hadi leo, mkuu wa wilaya hajaondoka kabisa katika chumba cha mahakama. Na kamati hizo zinamtazama mwenye kalamu ya hukumu. Mwenye ufunguo wa kabati anabaki nyuma ya pazia.

Kenya yajaribu mara mbili

Jirani zetu walijaribu njia mbili tofauti, na tofauti hiyo ni darasa.

Mwaka 2003, serikali mpya ya Mwai Kibaki ilipoingia kwa matumaini makubwa, kamati chini ya Jaji Aaron Ringera ilichunguza rushwa katika mahakama. Taarifa yake iliwagusa majaji 5 kati ya 9 wa Mahakama ya Rufani, majaji 18 kati ya 36 wa Mahakama Kuu, mahakimu 82 kati ya 254, na watumishi 43 kati ya 603 wa kada za usaidizi. Majina ya majaji yalisambaa katika vyombo vya habari kabla wenyewe hawajasikilizwa. Walipewa siku chache kuchagua: kujiuzulu au kukabili mabaraza ya uchunguzi. Wengi waliondoka kimya. Mmoja aliyekataa kuondoka ni Jaji Philip Waki. Baraza lilimsikiliza, likamsafisha, naye akarudi kazini. Miaka michache baadaye, Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ni Waki huyo huyo aliyekabidhiwa tume ya kuchunguza machafuko. Je, kati ya waliokimbia kwa aibu wangekuwamo Waki wangapi? Hilo hatutalijua kamwe, na hapo ndipo lilipo kosa la njia ile.

Tazameni pia tarakimu zenyewe. Nusu ya majaji walituhumiwa, lakini katika kada za chini ni takriban 7 tu kwa kila 100. Ama masjala ilikuwa safi kuliko jukwaa la majaji, jambo ambalo mwananchi yeyote aliyewahi kutafuta jalada atalicheka, ama wachunguzi walitazama zaidi juu. Mimi naamini la pili.

Mara ya pili ilifuata Katiba ya 2010. Jedwali lake la Sita liliagiza majaji na mahakimu wote waliokuwa kazini wachunguzwe kufaa kwao, na sheria ya mwaka 2011 ikaunda bodi ya uchunguzi chini ya Sharad Rao. Miongoni mwa wajumbe alikuwamo Albie Sachs wa Afrika Kusini, mtu aliyewekwa kizuizini na polisi wa makaburu bila mashitaka, na aliyepoteza mkono kwa bomu mjini Maputo mwaka 1988. Aliyewahi kuwa jalada mikononi mwa polisi wa siri sasa alipewa kazi ya kuchunguza wengine. Safari hii anayechunguzwa alijulishwa malalamiko, alijibu, alikuja na wakili. Kikao kilikuwa cha faragha isipokuwa mwenyewe akiomba kiwe cha wazi. Aprili 2012 uamuzi wa kwanza ulitoka: majaji wanne wa Mahakama ya Rufani hawakufaa kuendelea. Sababu ziliandikwa na kuchapishwa. Mtu aliweza kuzipinga kwa hoja, kwa sababu hoja zilikuwapo.

Njia hiyo nayo ilikuwa na kasoro. Katiba ilizuia uamuzi wa bodi kuhojiwa mahakamani, na Mahakama ya Juu ikalithibitisha hilo mwaka 2014. Kasoro nyingine ndiyo inayonihusu leo: uchunguzi ule ulikuwa wa majaji na mahakimu peke yao. Jaji Mkuu Willy Mutunga mwenyewe alisailiwa hadharani mwaka 2011, taifa likitazama, akaulizwa mpaka kuhusu kipini cha sikioni mwake. Karani aliyekuwa akipanga tarehe za mashauri katika mahakama ya wilaya hakuulizwa hata kuhusu saa ya mkononi yenye thamani ya mishahara yake mitatu.

Vyeti 9,932

Sisi tukaja na yetu. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti, na watumishi 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Waliamriwa kuondoka. Ninakiri kwamba siku hiyo nilifurahi. Aliyeghushi cheti akapewa nafasi ya umma alimnyang'anya mtu mwingine nafasi hiyo, na mwingine huyo mara nyingi ni mtoto wa maskini. Lakini furaha yangu ilipungua nilipofikiri zaidi. Wateule wa kisiasa hawakuhusika na zoezi lile. Wako waliotajwa ambao walikata rufani wakidai kuonewa, huku majina yao yakiwa yamekwisha kusomwa na majirani. Na zaidi ya yote, tulichekecha karatasi. Karani mwenye cheti halali kabisa cha kidato cha nne, anayeficha majalada tangu alipoajiriwa, alipita katika chekeche lile bila kuguswa hata ukucha.

Ndipo nikamkumbuka mzee jirani yangu: tulimpekua mtu alipokuwa akiingia.

Tufanye nini?

Mimi ni mwalimu, si mtunga sheria, lakini mwalimu aliyesoma historia na asiseme inafundisha nini amekula mshahara wa bure. Nina mambo manne.

La kwanza, upekuzi wa watumishi wa mahakama usimamiwe na mahakama yenyewe kupitia Tume ya Utumishi wa Mahakama. Vyombo vya usalama vina ujuzi, na vitoe taarifa vinapoombwa. Lakini atoaye taarifa asiwe ndiye aamuaye. Serikali ni mdaawa mkubwa kuliko wote mahakamani. Haiwezekani mdaawa mmoja ndiye achague, kwa siri, nani atakaa karibu na kabati la majalada.

La pili, upekuzi usiwe wa mlangoni tu. Anayeshika majalada ya mashauri makubwa, vielelezo vya fedha na dawa za kulevya, au majina ya mashahidi, apitiwe upya kila baada ya miaka kadhaa, na ahamishwe dawati kabla dawati halijawa lake. Hili limekuwa la lazima zaidi sasa. Tangu kanuni za mwaka 2018 nyaraka zinawasilishwa mahakamani kwetu kwa njia ya kielektroniki, na Nairobi nayo ilianza rasmi Julai 2020. Kabati limehamia kwenye kompyuta. Mtaalamu wa mifumo mwenye nywila ni karani mpya wa masjala, naye anaweza kupoteza majalada elfu kwa kidole kimoja bila kuacha vumbi sakafuni.

La tatu, gunia livuliwe. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa. Kenya, katika ibara ya 47, imekwenda mbali zaidi ikaandika haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Natambua kwamba zipo taarifa ambazo zikitajwa zitamhatarisha aliyezitoa. Basi na lifichwe jina la mtoa habari pale inapobidi, lakini kiini cha tuhuma kisifichwe. Mtu aambiwe: tumeona pengo la miaka miwili, tumeona kesi ya mwaka fulani, tumeona deni. Ajibu. Akishindwa kujibu, aende zake akijua. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imefungua dirisha la mtu kujua taarifa zake zilizohifadhiwa, ingawa imeacha misamaha mipana kwa usalama wa taifa. Wanaharakati mnaosoma hapa, dirisha hilo linahitaji mikono yenu, maana lisipotumiwa litafungwa na kutu.

La nne linawahusu watumishi wa umma mnaonisoma, hasa mnaosimamia kazi hii. Ninyi ndio mnaoamua kama pengo la miaka miwili ni jela au ni uuguzi wa mama mgonjwa kijijini. Tofauti hiyo haimo katika fomu. Hupatikana kwa kunyanyua simu na kuuliza. Msimamizi anayeacha fomu ilale kwa sababu hana uhakika, akiamini kwamba kukaa kimya si kuamua, amekwisha kuamua. Maisha ya mtu yamesimama mezani pake, yamebanwa kwa kibanio cha chuma.

Rafiki zangu wa mrengo mkali wataniambia kwamba nawatetea wenye kuchunguza. Rafiki zangu wa serikalini wataniambia kwamba nataka kufungua milango ya siri. Nawaomba wote wawili waje wakae kwenye benchi la mbao nje ya masjala ya mahakama yoyote, Jumatatu asubuhi, wamtazame mzee aliyeshika bahasha ya kaki. Mzee huyo hajui nadharia ya mgawanyo wa madaraka. Anajua kwamba ndani kuna mtu anayejua jalada lake lilipo, na kwamba yeye mwenyewe hana namna ya kujua mtu huyo ni nani.

Baba yangu alifariki bila nakala ya hukumu yake. Kiwanja kile kina nyumba ya mtu mwingine, na watoto wanaozaliwa humo hawana kosa lolote.

Kuhusu mwanafunzi wangu, tulikaa ofisini kwangu jioni ile tukaandika barua ya ukurasa mmoja kwenda kwa mamlaka ya ajira. Haikuwa ya kulalamika. Iliuliza mambo mawili tu: je, upekuzi wangu umekamilika, na kama kuna dosari, ni ipi ili niijibu? Aliipeleka mwenyewe kwa mkono, akadai nakala igongwe mhuri wa kupokelewa. Aliniambia karani wa mapokezi aliisoma, akamtazama, akasema hajawahi kupokea barua ya namna hiyo. Kisha akaigonga mhuri. Nakala ninayo. Jibu likija, la heri au la shari, nitawaletea hapa hapa.